Kiatu cha Siku ya Bajeti

…ingia basi, ingia, mguu gani huu usiotaka kuingia, kamera zote zimenielekea na mimi nimepiga magoti kwenye zulia la chekechea nikitabasamu mpaka mashavu yananiuma, Waziri wa Fedha mzima nashindwa na buti la mtoto wa miaka mitatu, "Anakunja vidole," anasema Odette juu ya kichwa changu, "wote wanakunja, dada, umesahau?" sijasahau, sikuwahi kujua, hilo ndilo, Luc wangu alivalishwa buti na Odette huyu huyu misimu mitano ya theluji, mimi niko kwenye kampeni, mimi niko mkutanoni, nikifika giza limeshaingia namkuta kala, kafutwa kamasi, kalala begani kwake, na hata siku moja mwalimu huyu hakuninunia… kila waziri wa fedha kwetu hununua viatu vipya vya kusomea bajeti, mila tu, hakuna ajuaye ilianzia wapi, mwaka huu nikajitia ujanja, sinunui vyangu, nitamnunulia mtoto wa chekechea, watu wa ofisini wakapiga makofi, picha nzuri hiyo Mheshimiwa, nzuri kweli, asubuhi buti jekundu mkononi, na mchana nasimama bungeni kusoma kwamba fedha za vyumba vya wachanga zimesogezwa, neno langu hilo, nililichagua mwenyewe badala ya zimekatwa, zimekwenda kwenye daraja, kwa sababu daraja lina kura na wachanga hawapigi kura, nikatia saini kisha nikala chakula changu wala hakikunikwama… "Nyoosha vidole, Zélie, mpe bibi mguu," bibi! "Ndiyo, Lisette, umeshakuwa bibi, hizo nywele unazipaka bure," waandishi wanacheka, nami nacheka, na mlango ule nyuma ya Odette nauona, wa chumba cha wachanga, wa njano, rangi bado inanuka, ndani vitanda vidogo vimeshaungwa na kutandikwa, alinishika mkono nilipofika akanionyesha kama anayeonyesha chumba cha bi harusi, "Tunangoja neno lako tu," wala hakuuliza, anajua bajeti ni siri mpaka isomwe, akanikonyeza, akanikonyeza mimi! kwa kuwa ananiamini, fadhila za punda mateke, Odette, na mama yake Zélie yule pale kwenye ndoano za makoti, muuguzi, kambeba kichanga kifuani, likizo ya uzazi inakwisha mwezi huu, chumba kisipofunguliwa kazi ataiacha, hana wa kumwachia, na ameshanishukuru, "Najua huwezi kusema, Mheshimiwa, lakini asante," nikajibu nini, nikasema karibu, karibu sana, ee Mungu wangu… tangu asubuhi nimejificha nyuma ya kiapo, siwezi kusema, sheria hainiruhusu, uongo, si kiapo kilichonifunga mdomo, ni haya, naona haya, hata ningeruhusiwa sasa hivi nisingeweza kumtazama Odette usoni nikalitamka lile neno, yeye ambaye mwanangu alimwita mama kabla hajaniita mimi, nami nilimnunia wiki nzima kwa hilo… "Mheshimiwa, kikiingia tu tunapiga," anasema mpiga picha, na Odette kachuchumaa kando yangu, ananukia maziwa na sabuni ile ile, ananinong'oneza nisiaibike mbele za watu, "Usisukume, dada. Mkune unyayo, atavinyoosha mwenyewe," ananisitiri, hata leo ananisitiri, na kidole changu kimeshafika pale unyayoni, pana joto, pana jasho kidogo, lakini simkuni, kiatu kikiingia watapiga picha, wakishapiga nitasimama, na nikisimama gari linangoja, kunja, Zélie, kunja mama, usinyooshe…