Kidole Kilichowahi Kazini

Mambo yaliharibika Jumatano ya tarehe tisa, mwezi wa mvua, saa mbili asubuhi, pale glavu za ngozi zilipokusanywa kwenye gunia.

Mkuu mpya wa karakana alisimama juu ya ngazi ya ofisi yake, viatu visije vikagusa mafuta, akawaambia mafundi kwamba zama zimebadilika. Glavu za zamani zilikuwa nzito, zimejaa viraka, zinawaaibisha mbele ya wateja. Kuanzia siku hiyo kila mtu angevaa mpya. Hizo mpya zilikuwa za kitambaa chepesi kilichochovywa mpira, rangi ya chungwa, tamu kwa macho kama peremende. "Kazi na mwonekano," mkuu akasema, akajipigia makofi, na wenye kujipendekeza wakamfuata.

Ndani ya gunia ziliingia pia glavu za mtu ambaye wenzake walimwita Mgane tangu alipofiwa na mkewe. Mke na mume walikuwa wameajiriwa pale pale. Mume alikuwa kwenye winchi ya lori la kuvutia magari yaliyoanguka, mke nyuma ya cherehani katika chumba cha kushonea, akitengeneza maturubai, viti na glavu. Mwanamke yule alijua glavu ya kazi ile huanza kufia wapi: kwenye panda ya kidole gumba, mahali waya unapopita. Hapo alishona ngozi ya pili juu ya ile ya kwanza, na mshono akauweka nje ili usimle mtu mkono. Baadaye wakubwa walikifunga chumba cha kushonea kwa kuwa, walisema, hakizalishi kitu. Haukupita muda akashikwa na homa, akafa, na ofisi ikatuma rambirambi zenye jina la marehemu mwingine. Zikabaki glavu.

"Hizi niachieni," Mgane alisema.

"Mzee wangu, usiwe kikwazo," ofisa manunuzi akamjibu, akafunga gunia kwa kamba.

Adhuhuri lori la saruji lilikuwa limelala mtaroni kwenye kona, matairi juu kama mende. Mgane akashuka na waya, akafunga kulabu, akampungia mkono mwenzake Kifaru aliyeshika mtambo. Waya ulikuwa mkongwe, nyuzi zake zimekatika na kusimama kama miiba ya samaki. Uzi mmoja ukapenya ile rangi ya chungwa kama unapenya karatasi, ukaing'ang'ania glavu, na winchi, ambayo haina masikio, ikaendelea kuzunguka. Glavu ikaenda. Kidole cha pete nacho kikaenda, na pete yake. Lori la saruji lilitoka salama, mwenye lori akashukuru sana.

Kidole kilitafutwa kwenye matope mpaka jioni. Hakikuonekana.

Alhamisi asubuhi kilikuwa kazini.

Kilisimama wima juu ya meza ya vifaa, kati ya spana na kopo la grisi, kimenawa, pete inameta. Mlinzi alieleza kwamba kilipita getini kabla ya wote. Hakikuwa na kitambulisho, lakini alikijua kwa pete, akakiruhusu. Kifaru akakisalimia, kisha akampigia mwenzake simu.

"Mgane, vipi hali?"

"Nauguza mkono."

"Pole, ndugu yangu. Mwenzio huku kawahi kuliko sisi sote. Wewe umelala tu."

"Kinafanya nini?"

"Kimesimama. Kama mtu anayengoja kupangiwa zamu."

Mgane alikwenda na mkono wake uliofungwa bandeji, akakichukua, akakitia mfuko wa shati. Kilikuwa na joto la kawaida. Alipofika nyumbani mfuko ulikuwa na doa la grisi tu. Kesho yake akakifuata tena kazini, akakitia kwenye kopo lenye mfuniko. Asubuhi kopo lilikuwa wazi, na kidole kiko mezani kazini, kimewahi tena.

Nyumbani kwake alikuwapo shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja msibani na hakuondoka, kwa sababu alimwona Mgane akikaanga yai akasema mtu huyu atajiua.

"Haya, shemeji, kidole kiko wapi? Si tulisema leo tunakizika?"

"Kimerudi kazini."

"Basi kina bidii kukuzidi wewe mwenyewe." Akaketi. "Mdogo wangu alikuvisha pete ile kwa mkono wake. Siku anaondoka alisema nini? Si alisema itamfuata kaburini? Leo iko mezani kati ya spana! Kikanye kidole chako, shemeji."

"Hakisikii."

"Kitasikiaje, kina sikio? Kina jambo kinalolitaka, ndiyo maana." Akafikiri. "Hebu niambie. Zile glavu alizichagua nani?"

"Wakubwa."

"Wakubwa si jina la mtu. Kuna mmoja alinyoosha mkono akasema, nataka hizi. Nani?"

Mgane hakujua.

"Basi kinangoja hilo," shemeji akasema. "Kikijibiwa, kitakuja nyumbani chenyewe, na mdogo wangu atapata pete yake."

Mgane akaenda kuuliza, maana alitaka kidole chake. Ofisa manunuzi alisema yeye hununua anachoambiwa, akamwelekeza kwa mkuu. Mkuu alisema yeye huidhinisha kilichokwisha kuchaguliwa na kamati. Wanakamati walisema waliletewa glavu zikiwa tayari zimechaguliwa na muuzaji. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alisema muuzaji hachagui, mteja ndiye huchagua. Mgane akajikuta amezunguka kama ng'ombe wa kukamua mafuta na kurudi pale pale mezani, ambapo kidole kilikuwa kimejilaza, kimenyooka kuelekea ngazi ya ofisi.

Kilikaa hivyo siku nyingi. Mtu akikigeuza achukue spana, kilirudi kikaelekea ngazi. Mwishowe mkuu akashuka.

"Mwambieni huyo," alisema, bila kumtaja aliye mezani, "mwenye kunyooshea wenzake kidole, vitatu vinamrudia mwenyewe."

"Ni kweli, mkuu," Kifaru akajibu. "Lakini hivyo vitatu daktari kavipa mapumziko. Huyu kaja peke yake."

Watu wakacheka kwa kuinamia injini. Mkuu akakitazama kidole kwa mara ya kwanza, akaona hakina mwenzake wa kumrudia. Hakupenda. Lakini alikuwa mtu wa kuona faida, na juma lililofuata aliagiza kwamba kwa kuwa mfanyakazi yupo na ana uzoefu, apewe kazi.

Wauzaji wakaleta sampuli. Glavu zilipangwa juu ya turubai na kidole kikaingia moja baada ya nyingine. Katika zile nyembamba kilitoka kwa kupitia ncha, na palipokuwa na ncha pakabaki tundu. Katika zenye mshono wa ndani kilikaa kidogo, kikatoka kimekwaruzika. Za ngozi ngumu kama ubao kilizikataa mlangoni, kwa kuwa mkono usioweza kukunjwa hauwezi kuachia waya kwa wakati. Hatimaye kikaingia katika moja ya ngozi laini ya ng'ombe, panda ya gumba imeshonwa mara mbili, mshono nje, shingo ndefu ya kufunika kifundo cha mkono kuzuia mafuta ya moto. Humo kilitulia. Mgane alipoitazama aliona haina tofauti na zile zilizoingia guniani, isipokuwa haikushonwa na mtu anayemjua.

Glavu zile zilinunuliwa kweli. Zikawekwa kwenye kabati la kioo mapokezi, chini ya taa, na wageni wa ukaguzi walivishwa, wakapigwa picha wameshika kulabu safi. Wakisha kuondoka zilifutwa na kurudishwa kabatini. Mafundi wakaendelea na rangi ya chungwa.

"Zile mkivaa zitachakaa," ofisa manunuzi aliwaeleza.

Kabla mvua haijakatika, kidole gumba cha Kifaru kilibanwa kwenye pingu, chuma cha kuungia mnyororo, kikakatika. Mgane alikuwa naye, akamfunga kwa shati lake. Kesho yake gumba lilikuwa mezani kabla ya mwenyewe, na Kifaru alipofika alilitazama akasema, "Haya, nami nimewahi leo." Baadaye kikaja cha shahada cha fundi matairi, kisha cha kati cha mpiga rangi, na cha mwisho, kidogo, cha mlinzi wa getini, ambaye hakuwa hata fundi. Aliombwa tu asaidie kusukuma. Kila mmoja alipewa pole na glavu mpya za chungwa. Ofisi ikavitengea vidole trei yenye vumbi la mbao, ikavipongeza kwa kutokosa kazi na kutokula chakula cha mchana.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Vitano ni habari nyingine. Asubuhi moja trei ilikutwa tupu na mlango wa chumba cha kushonea uko wazi, ule uliofungwa tangu cherehani ilipozimwa. Gunia la glavu za zamani, lililotupwa humo, lilikuwa limefunguliwa. Juu ya cherehani ilikaa glavu ya Mgane, ya kushoto, yenye kiraka cha mkewe, imejaa: gumba mahali pa gumba, pete mahali pa pete. Ilikuwa inajifutia vumbi kwenye ukingo wa meza.

Mgane akaishika. Nayo ikamshika. Akasema, "Twende nyumbani basi." Glavu ikamwachia polepole, ikaelekea ukumbini.

Siku ile kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi. Mkuu alizungumza juu ya mwonekano, akamaliza, akauliza kama kuna mwenye swali. Juu ya kiti cha mbele glavu ya ngozi ikanyooka wima, kama mkono wa mtoto darasani. Mkuu akaiona. Akasema maswali yatapokewa mkutano ujao, akashukuru watu kwa kuja.

Mkutano uliofuata ilikuwapo, na uliofuata huo. Haisogei mbele, wala haishuki. Mfagiaji humwagia maji sakafu kwa kuizunguka. Mkuu alipandishwa cheo, akaja mwingine, naye akaagiza glavu za rangi ya kijani.

Jioni Mgane huoga, huketi mlangoni na mkono wake wenye vidole vinne juu ya goti. Kando ya kaburi la mkewe kuna shimo dogo alilolichimba mwenyewe, na kila mvua ikilifukia hulichimba upya. Shemeji humletea chai, hutazama barabara itokayo karakana, kisha huuliza kama alivyouliza jana:

"Kwani zile glavu, shemeji, alizichagua nani?"