Mstari wa Nge

…na sasa anasema Misri tena, Misri, Misri, kana kwamba alizaliwa kando ya mto Naili na si Croydon kwa baba muuza mishumaa, Lavinia Tidmarsh akaichovya kalamu kwa hasira hata wino ukamrukia kidoleni, andikeni wapendwa, anasema Ndugu Mkuu Orrock, andikeni malaika wa nyota kumi na mbili, tuliowarithi kwa makuhani wa Mafarao, Kondoo, Malkidieli… Malkidieli, Misri gani hiyo, jina la Kiyahudi tupu, limeishia na jina la Mungu wa Israeli, hata mtoto wa shule ya Jumapili angeuliza, lakini hapa juu ya duka la piano hakuna anayeuliza, watu wazima kumi na saba, majoho yameshonwa kwa mapazia, vichwa vimeinama, wanaandika, Ng'ombe, Asmodeli, mbona unahema kama farasi wa mkokoteni, ananong'ona Bi Cobbold wa kulia kwake, sihemi, unahema Dada, basi nahema, andika zako… jana kutwa alikuwa kwenye maktaba ya makumbusho na Kilatini chake cha kujifundisha, na kitabu cha daktari mmoja Mjerumani, kimepigwa chapa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, orodha nzima imo humo, jina kwa jina, naye aliyaokota kwa Wayahudi, na nyota zenyewe ni za Babeli, zikapita kwa Wayunani, zikapita kwa Waarabu, Misri ilitia chumvi kidogo tu, chungu kikapikwa Ujerumani, na huyu anakipakua hapa London kana kwamba kuni alikata yeye.

Mapacha, Ambrieli… na nani angemgundua, chapa huua nguvu, ndiyo amri ya kwanza ya Udugu, kila kitu kinakiliwe kwa mkono, mwanachama kwa mwanachama, marufuku kulinganisha na kitabu cha dukani, na ndipo lilipoingia kosa, kwa Mjerumani baada ya Mizani yuko Nge na malaika wake Barbieli, lakini kwenye orodha ya Udugu Barbieli hayupo, karukwa, wa Mshale kapewa Nge, wa Mbuzi kapewa Mshale, wote wamepanda ngazi moja mpaka Samaki akabaki mtupu, na je, Orrock alisema samahani, hapa pana kasoro? Thubutu! Alisema jina la Samaki limefichwa, ni la wenye daraja za juu, akaandika waraka wa kurasa arobaini, na Ndugu Crabtree, karani wa reli, mtu wa watu, mzaliwa wa Machi, wa Samaki, anafunga kula kila Ijumaa ili afunuliwe jina, amebaki mifupa, ee Mungu, mtu anakonda kwa ajili ya nafasi tupu… Kaa, Murieli… na Phoebe je, mdogo wake Phoebe, wa Novemba, wa Nge, miaka minne tangu azikwe, Lavinia anawasha mshumaa kila asubuhi kabla ya chai, anamwita malaika wa Nge amfikishie salamu, kumbe anamwita wa Mshale, barua zote zimekwenda kwa jirani asiyemjua, na alifarijika, hilo ndilo linalomchoma, alifarijika kila asubuhi kama mjinga… leo atasimama, karatasi imo mfukoni, Ndugu Mkuu, umeruka mstari, umemruka mdogo wangu, wamfukuze wakitaka, ingawa hana pengine pa kwenda Jumamosi ila chumbani kwake, penye kitanda cha pili kisicholaliwa.

Simba, Verkieli, Mashuke, Hamalieli, polepole Ndugu, analia mtu wa nyuma, vidole vimeganda! Basi vikalie, anasema Orrock, wakacheka, naye akalisogeza daftari dirishani apate mwanga, daftari mama, ambalo mengine yote yamenakiliwa kwalo, Lavinia ndiye aliyemwandikia hili, lile la zamani lilipochanika, anajua, lakini mnakili hunakili alichopewa, kosa ni la mwenye… doa. Doa la kahawia ukurasani, hapo hapo chini ya Mizani, dawa ya kikohozi ile. Ubao magotini, kando ya kitanda cha Phoebe, saa kumi ya alasiri, nyota alikuwa keshaziandika zote upande wa kushoto, sasa anajaza malaika, Vinnie, acha hao malaika wako, nipe maji, ngoja mpenzi, naandika mstari wako huu, wa Nge, halafu kikohozi kile, kijiko kikamwagika, alimshika mgongo mpaka akatulia, akarudi kwenye ubao, macho yakatua mstari wa chini… mkuki kwa nguruwe mtamu, Lavinia, umekuja na karatasi ya kumchoma Orrock, na Ndugu Crabtree wa watu anafunga kwa ajili ya mkono wako. Mizani, Zurieli. Karatasi bado imo mfukoni, lakini neno lililokuwa mdomoni, umeruka, limegeuka nimeruka, unalia Dada, anauliza Bi Cobbold, silii, andika zako… alimwambia ngoja, naandika wako, na hakuuandika.

Nge, anasema Orrock, na kalamu kumi na saba zinangoja.