Sala ya Kifungua Mimba

Ebenyo alipokuwa mdogo pale Lodwar, mwalimu mmoja alimtia kijiwe mdomoni na kumsomesha kwa sauti, eti kigugumizi chake kilainike. Darasa zima likaangua kicheko, naye akaapa hatatibiwa tena. Akakua, akaoa, akafungua duka la vipuri vya pikipiki mtaani Kanamkemer, na wateja wakazoea kummalizia maneno.

Kilichomrudisha kwenye tiba ni baba yake. Mzee Lokorio alikuwa anakwisha huko Lorugum, macho yameshakufa, na alitaka jambo moja tu: wazee waketi, na kifungua mimba wake aongoze sala ya baraka. Mwongozaji hutamka, wazee humwitikia kwa pamoja. Akishindwa, ataongoza mdogo wake Ekeno, na boma litakuwa la Ekeno. Boma alichukue tu. Ebenyo alitaka baba yake amsikie, hata mara moja, akianza neno na kulimaliza.

Basi kila Jumamosi akawa anakwenda Kakuma kwa Akuch, dada wa Sudan Kusini aliyesomea tiba ya usemi, mwenye chumba kidogo katika kambi ya wakimbizi. Huyu hakuwa na vijiwe.

"Kaka, usilisukume neno," alimwambia. "Pumua kwanza, ulianze polepole."

Akuch hakijui Kiturkana, Ebenyo hakijui Kidinka, kwa hiyo sala nzima wakaifanyia mazoezi kwa Kiswahili. Siku alipoifikisha mwisho bila kukwama alilia mbele yake, mtu mzima na ndevu zake, wala hakuona haya. Hawakuwaza zaidi ya hapo. Nani angewaza? Lugha ya dukani na lugha ya mama si zinatoka mdomo uleule?

Siku ya siku wazee waliketi nusu duara, nyama ikiwa motoni. Mzee akabebwa, akaegemezwa kwa mkewe. Ebenyo akasimama, akapumua, akaanza kwa Kiturkana. Wapi! Silabi ya kwanza ikagonga, ikagonga, mishipa ya shingo ikamtoka. Akapumua tena kama alivyofunzwa, akakwama palepale. Kwa hofu akakimbilia alikozoea, akaomba kwa Kiswahili, na kikatoka laini ajabu: mvua, malisho, watoto, amani, kila neno zima.

Hakuna aliyeitikia. Wazee walitazamana tu, na hata wale wachache waliokielewa, waliozoea kukisikia kwa maofisa wa serikali tu, hawakujua sala ya namna hiyo huitikiwa vipi. Ekeno aliinamisha kichwa. Ebenyo aliendelea, maana kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

Mzee Lokorio akageuza uso kule sauti ilikotoka. Akamuuliza mkewe kwa Kiturkana, na kila mtu akasikia.

"Huyu mtu wa serikali anataka nini hapa? Mwambieni anyamaze. Mwanangu anataka kuomba."