Zilibaki Siku Kumi na Moja

Sitaki kuzungukazunguka. Aliyesimama kizimbani ni mdogo wangu Alawi, lakini aliyemsimamisha pale ni mimi, Mwaisha, kwa mdomo wangu huu huu ambao marehemu mama alikuwa akiniomba niufunge walau wakati wa kula.

Alawi ni dereva wa lori. Miaka kumi na minne amebeba korosho kutoka vijijini kupeleka maghalani, na hajapoteza hata gunia moja. Mwezi wa nne alilipita basi kwenye kona, trafiki wakamkamata, na mahakama ikamfungia leseni miezi sita. Hakulalamika. Akakaa kwake Rahaleo, akimwagilia mchicha wa mkewe na kuhesabu siku. Bosi wake alimwambia, "Nitakuwekea nafasi yako mpaka msimu uanze. Ila usiniletee kesi nyingine, nikisikia tu kesi, basi." Na msimu ulikuwa mlangoni, korosho zilishaanza kudondoka.

Ndipo mwanangu Nasra akaposwa. Mume wa mjini, sisi tuko kijijini Ziwani. Kwetu mjomba ndiye mwenye mwali. Baba yake yupo, anaheshimiwa, anakula pilau yake, lakini wa kumtoa bibi harusi kwao na kumkabidhi kwa mumewe ni mjomba. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wa usukani, na ubishi huo niliuleta mimi.

Maana mwaka jana jirani yangu Zuhura alimwoza binti yake. Kaka mtu alikuja kutoka Kilambo na gari lake, akampeleka mpwa wake mwenyewe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anapunga dirishani. Wanawake walimpigia vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Na Zuhura hakuniacha nipumzike. Tukikutana bombani, "Kaka yangu alivyoendesha!" Tukienda msibani, yaani hata msibani jamani, "Kaka yangu alivyoendesha!" Nikajisemea, ngoja, na mimi nina kaka, tena dereva wa kweli.

Siku ya harusi tulikodi Noah na dereva wake, Jafari, mtu mpole, kavaa shati jeupe limenyooshwa vizuri. Alawi akatokea na kanzu yake mpya, akafungua mlango wa mbele, upande wa abiria.

"Unaingia wapi huko?" nikamuuliza.

"Nakaa mbele, dada. Jafari ataendesha. Tukifika nitashuka, nitamshika mkono Nasra, nitamkabidhi."

"Yaani mjomba abebwe? Umekuwa kiroba cha mihogo?"

Akacheka kidogo, kisha akanivuta pembeni. "Dada, zimebaki siku kumi na moja. Kumi na moja tu. Nikikamatwa sasa, kazi sina tena. Unajua."

Nilijua. Wallahi nilijua, asinitetee mtu. Lakini Zuhura alikuwa amesimama pale mlangoni na kanga yake mpya, anatutazama, na mimi damu ikanichemka.

"Nani atamkamata mtu na bibi harusi ndani ya gari?" nikasema, tena kwa sauti. "Kama unamwonea aibu mpwa wako, sema, niwatangazie watu kwamba Nasra hana mjomba!"

Kwetu neno hilo halisemwi. Mtoto asiye na mjomba ni kama ameokotwa, na mjomba akiambiwa hivyo mbele ya watu amevuliwa nguo. Alawi akanitazama, wala hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akamwendea Jafari, akanyoosha mkono, akapewa ufunguo. Jafari akahamia kiti cha nyuma kabisa, katikati ya mashangazi.

Tukaenda. Vigelegele, honi, mimi nimekaa nyuma ya kaka yangu, kichwa juu. Tulipokaribia mjini afande mmoja, dada wa makamo, akatupungia mkono tusimame. Akainama dirishani, akamwona Nasra na mtandio wake, akatabasamu.

"Leseni yako."

Alawi akajipapasa kanzu. "Nimeiacha nyumbani, afande. Kanzu yenyewe haina hata mfuko."

Afande akacheka. "Haya, hongereni. Mungu awape kheri. Ila dereva, siku nyingine utembee na leseni."

Imekwisha hapo. Alishasogea, alishainua mkono kuturuhusu, na Alawi alishaingiza gia. Lakini mimi nimesikia neno moja tu. Dereva! Mjomba wa mwanangu, na kanzu yake, anaitwa dereva kama mtu wa kukodi! Nikatoa kichwa dirishani.

"Huyu si dereva, huyu ni mjomba!" nikapayuka. "Na hiyo leseni mmemfungia wenyewe, zimebaki siku kumi na moja, sasa mnamsumbua nini?"

Afande akarudi taratibu. "Umesema nini, mama?"

Nikarudisha kichwa ndani. Nilimwona Alawi kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho.

Alishuka palepale akapelekwa kituoni na kanzu yake, na Jafari akarudi kwenye usukani. Nasra aliingia kwa mumewe akilia, akakabidhiwa na baba yake, na wakwe wakauliza kwa adabu mjomba yuko wapi. Nikawaambia anaumwa tumbo. Heshima yote niliyokuwa naipigania niliiacha barabarani.

Kesi ilisikilizwa wiki tatu baadaye. Hakimu, mama wa miwani, alisoma faili lake, akamtazama Alawi.

"Ni kweli uliendesha gari ukiwa umefungiwa leseni?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Unajitetea vipi?"

"Nilikuwa nampeleka mpwa wangu kwa mumewe. Mimi ndiye mjomba wake."

"Hapakuwa na dereva mwingine?"

Yarabi! Nilishika benchi kwa mikono miwili. Nikawa naomba aseme, dada yangu alinilazimisha, yule pale, muulizeni. Na papo hapo nikawa naomba asiseme. Nilipaswa kusimama mwenyewe. Mimi, niliyempayukia afande barabarani, siku hiyo nilibaki nimekaa.

"Alikuwepo, mheshimiwa," Alawi akasema. "Nilimkataa mimi. Nilitaka watu wanione."

Hakimu akatikisa kichwa. Akasema angekuwa hakujua, au angekuwa anamkimbiza mgonjwa, lingezungumzika, lakini mtu aliyekuwa na dereva pembeni ameidharau mahakama kwa makusudi. Faini, na leseni kufungiwa miaka mitatu. Faini ukoo ulichanga, ikalipwa siku ile ile. Miaka mitatu hakuna wa kuichangia. Bosi wake alikuwa amesikia tangu siku ya kwanza, na nafasi ilikuwa imeshapata mtu.

Tulipotoka nje nikamkuta amekaa kwenye ngazi, anafunga kamba ya kiatu. Nikachuchumaa mbele yake, mimi dada yake mkubwa, watu wanapita. Nikamwambia, "Alawi, nisamehe. Kwa nini hukusema ni mimi? Angekupunguzia."

"Ungepata faida gani kutajwa mahakamani?"

"Basi siku ile. Siku ile kwa nini hukunikatalia? Ulijua trafiki wapo. Ulijua bosi atakufukuza. Hukuogopa?"

Akamaliza kufunga kamba, akaanza kiatu cha pili.

"Niliogopa, dada. Niliwaogopa trafiki, nikamwogopa na bosi. Ila wewe nakuogopa zaidi." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Ningekukatalia ungeninunia mwaka mzima, na watoto wangu ungewanunia. Wewe si ndivyo ulivyo? Tangu tukiwa wadogo."

Nikafungua mdomo nimwambie si kweli. Nikatafuta siku hata moja aliyowahi kunikatalia na mimi nikaendelea kumsemesha, sikuipata. Alawi akakaza kamba ya kiatu cha pili, akainuka akanishika mkono na mimi niinuke.