Kilatini cha Padri Anselme

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na sipendi mtu akichezea Kifaransa changu. Mama Nsimire, jirani yangu wa mtaa wa Katoyi, hapa Goma, alilijua hilo, ndiyo maana alinichokoza kila asubuhi. Aliuza maparachichi na nyanya kwenye geti la kambi ya askari wa Uruguay, wale wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu, na kwa miaka mitano ya kubishana nao bei alikuwa ameokota Kihispania cha kutosha kunikera.

"Papa Prof, Kihispania njo luga ya dunia," alianza. "Bateja bangu banasema kutoka Mexique mpaka mwisho wa Amerika mutu anatembea miezi na miezi, na bado anasikilizana na batu."

"Mama, acha maneno," nilimjibu. "Kifaransa kiko Genève, kiko Bruxelles, kiko Kinshasa. Kongo yetu peke yake iko na batu kupita Ufaransa. Hicho Kihispania chako, nani anakitumia hapa Goma?"

"Miye," akasema, akajitwika beseni lake na kwenda zake.

Kifaransa hicho nilipewa na Padri Anselme, mmisionari mzungu. Mwaka 1996 vita vilitukuta katika bweni la misioni, upande wa Rutshuru, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja na wazazi wangu wakiwa mbali, Butembo, kwenye biashara. Padri alitukusanya watoto kumi na tisa, akatuongoza kwa miguu hadi Goma, tukiacha barabara kila tuliposikia risasi. Tulipopita Kibumba nilipoteza kiatu kimoja kwenye tope, mawe ya volkano yakanichana wayo, naye akanibeba mgongoni. Kila wakulima walipotupa viazi, alituhesabu kwa kidole, na hakutia kitu kinywani mpaka wa mwisho wetu awe ameshakula. Tulifika wote kumi na tisa. Baadaye alinikalisha parokiani jioni baada ya jioni akinifundisha Kifaransa, na mkate ninaokula leo unatoka pale.

Mwaka 2012 watu wa Rutshuru na Kibumba walikimbia tena, wakajaa kwenye viwanja vya shule na makanisa. Padri, mzee sasa, alizunguka akigawa maharage hadi kiharusi kilipomwangusha. Alipofumbua macho kwenye zahanati ya masista, Kifaransa chake kilikuwa kimetoweka. Kiswahili nacho kilikuwa kimekwenda. Kilichobaki ni maneno ya haraka ambayo hakuna aliyeyaelewa, yale yale kila mara, macho yake yakiwa mlangoni.

Sista Annonciata, muuguzi, aliniita kwa kuwa mimi ndiye mtu wa lugha. Nikasikiliza, nikakuna kidevu.

"Kilatini," nikasema. "Anasali."

Nilisema bila kusita hata kidogo, mimi niliyesoma Kilatini miaka miwili na kupata alama za aibu. Lakini kwetu padri mzungu ni Mbelgiji mpaka athibitishe vingine, na waliojua kwao Padri Anselme ni wapi walishakufa au kuhamishwa. Basi akina mama wa parokia wakaja, wakapiga magoti kuzunguka kitanda, na kila alipotua wakaitikia "Amina!" Padri akapiga godoro kwa mkono wake mzima, akaanza upya. "Amina!" wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Na kula alikataa. Kijiko kikikaribia alifunga mdomo na kugeuza uso. Siku ya tano Sista alinivuta kando.

"Prof, kama hakuli, hatamaliza wiki."

Niliogopa. Nilikuwa nimezika watu katika vita hivi, lakini kwa huyu sikuwa tayari, maana sikuwahi kumwambia asante kwa namna inayotosha.

Siku ya sita Mama Nsimire alikuja na maparachichi mawili ya mgonjwa. Padri akasema yake, akina mama wakaitikia. Nsimire akatua beseni chini.

"Munaitika Amina ya nini? Muzee hasali. Anauliza!"

"Anauliza nini?"

"Anauliza batoto bote banafika? Papa Prof, hiki Kihispania. Kihispania kizuri kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku sita mzee wa watu alikuwa bado njiani, anatuhesabu, anangoja tufike ndipo ale, na sisi tunamwambia Amina. Mtu huyu aliweka lugha ya mama yake pembeni miaka arobaini ili atupe sisi ile tuliyoihitaji, na lugha hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa naicheka kila asubuhi.

Nsimire aliinama. "Todos, padre. Todos." Wote, padri, wote.

Padri akamkamata kifundo cha mkono, akauliza jambo jingine, refu. Nsimire akatugeukia.

"Anauliza ule mudogo. Ule wa kiatu kimoja. Anasema hamuoni."

"Ni miye," nikasema.

"Basi umuambie."

"Kwa luga gani?" nikauliza, kama mjinga.

Alinifundisha pale pale, neno kwa neno, mbele ya akina mama wote, nami nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Genève sikuikumbuka.

"Ya llegué, padre," nikasema. Nimeshafika. Kisha nikaongeza neno moja nililokuwa nalijua tayari, la kwenye geti la kambi: "Gracias." Asante.

Alinitazama sana. Sijui kama alimwona mwalimu wa miaka ishirini na saba au yule mtoto wa Kibumba. Akasema sentensi fupi, na Nsimire akacheka huku akijifuta macho kwa kitenge.

"Anasema nini?"

"Anasema weye ukule kwanza."

Sista akanipa bakuli. Nilipiga magoti penye kitanda nikala uji wa padri, umepoa, hauna sukari, machozi yakinidondokea humo humo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikamwonyesha kijiko kitupu.

Ndipo akafungua mdomo.