Utelezi wa Pipa la Godelieve

Juu ya mchanga wa pipa la Godelieve ulitanda utelezi wa kijani, mzito kama ukoko wa uji, na wapita njia walishika pua. Na washike! Maji ya mfereji, yaliyopita nyuma ya vyoo vya mtaa mzima kabla ya kufika bustanini kwake, yaliingia juu machafu yakatoka chini maangavu, tayari kumwagilia mboga alizouza sokoni. Masista wa zahanati ndio waliomfundisha kupanga kokoto na mchanga pipani ili kuchuja maji, wakamwonya asiuguse utelezi ule, kwa kuwa ndio unaonasa wadudu na mayai ya minyoo.

Ndiyo maana Adrienne, mke wa fundi wa reli, alipita soko zima la Kalemie bila kugeuza shingo mpaka amfikie yeye. Bintiye Léonie alikuwa amenusurika ugonjwa wa kuhara damu, na tangu hapo kinywa chake kilikataa kila kitu isipokuwa saladi na nyanya mbichi.

"Mutoto anakula ya kwako tu, Mama Godelieve," alisema Adrienne, na Godelieve kichwa kikamvimba.

Ijumaa moja akaja Papa Isidore, mkuu wa mtaa. Chama tawala, kilichopiga marufuku majina ya Kizungu, kilikuwa kimemvua jina la ubatizo. Mtaa ukaendelea kumvika. Kesho yake ilikuwa Salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, na komisera wa serikali angepita kukagua.

"Sitwayeni," alisema, kwa lile neno la chama la kumwita raia, akiuelekezea utelezi kidole, "hii uchafu utaitosha leo, uikombe yote."

"Papa, hiyo njo inasafisha maji. Nikiitosha, minyoo inapita."

"Komisera hatakunywa maji yako. Ataangalia tu. Ao unataka niandike jina yako?"

Kuandikwa jina kulikuwa na maana yake, na waliokwisha kuijua maana hiyo walikuwa wamelala gerezani. Godelieve angeweza kulifunika pipa kwa mkeka. Angeweza kuacha kumwagilia mpaka utelezi urudi, saladi zife zinazokufa. Hayo yote yalimjia baadaye. Majuto ni mjukuu. Siku ile aliukomba utelezi, akauosha mchanga hadi ukang'aa, na la kuchukiza zaidi, akaona fahari. Jumamosi komisera alipita garini bila hata kushusha kioo.

Jua lilikuwa kali na saladi zilianza kusinyaa, akamwagilia. Maji yalitoka maangavu kama siku zote. Akavuna, akamuuzia Adrienne, akamwongezea na nyanya za bure kwa ajili ya mtoto.

Kisha Adrienne akatoweka sokoni. Godelieve aliogopa kuuliza, akajidanganya kwamba amesafiri kwenda kwao Nyunzu.

Alimwona tena akiingia bustanini, nywele zimenyolewa, mtoto mchanga mgongoni.

"Léonie tulimuzika," alisema Adrienne. "Damu ilirudia. Dokta anasema ni maji. Ile ya bomba nilichemusha, sijui nilikosea wapi."

Godelieve alimtazama mtoto mgongoni. Utelezi pipani ulikuwa ndio kwanza unaanza kuota.

"Nipe saladi kidogo," Adrienne akaendelea. "Tangu matanga sijakula kitu. Ya bengine naogopa."

Godelieve alifungua kinywa amwambie. Lakini kisu kilikuwa tayari mkononi, na mkono wake, uliokwisha kuzoea kutii, uliinama ukakata.