Sentensi ya Kufungulia

"Imekataa," Jerop alisema.

Nilikuwa nimelala chali katika wodi ya wanawake, hospitalini mjini Eldoret, mguu wa kulia ukiwa umefungwa na kuvutwa na uzani wa chuma. Simu nilikuwa nimeibana sikioni mpaka sikio likapata moto. Upande wa pili, nyumbani kwangu Moiben, dada yangu alikuwa ameketi kwenye meza yangu ya kulia, mbele ya laptop yangu. Saa iliyotundikwa juu ya mlango wa wodi ilionyesha saa kumi na dakika ishirini na tano. Saa kumi na moja kamili kazi za mtihani zingeacha kupokelewa, na mwaka wangu ungeishia hapo.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Kuisema sentensi ile mara ya kwanza kulikuwa kumenimaliza. Nilivuta blanketi nikafunika kichwa, kana kwamba blanketi la hospitali linaweza kuzuia sauti. Katika kitanda cha pili alilala Nelima, mama wa Kibukusu aliyevunjika nyonga, ambaye tangu Jumamosi redio yake haikuwa imenyamaza. Nilisikia akiizima.

Nikarudia.

*

Nilirudi darasani nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa letu pale Moiben, jioni tatu kwa wiki, baada ya kukamua. Tulikuwa watu sita: mimi mjane mwenye ng'ombe wawili, Lazarus fundi wa baiskeli, na wengine wanne ambao shule iliwapita kwa njia moja au nyingine. Kila jioni kabla ya kuingia nilisimama nyuma ya ukumbi, nikamwomba Mungu anifungue kichwa. Sikuomba akili nyingi. Niliomba tu kile nitakachoambiwa kisimwagike njiani.

Katika muhula wa pili Mwalimu Murunga alituletea laptop sita, na hazikufanana na nyingine tulizowahi kuona. Hazikuwa na nembo mgongoni. Kila moja ilikuja na bisibisi yake ndogo ndani ya boksi. Tundu la kuchajia ungeweza kulichomoa kwa kidole, kama droo ya kiberiti, ukalipachika upande wa pili ukitaka. Mwalimu alikataa tuziwashe. Alitaka kwanza tuzifungue, tuguse betri, tuguse diski, tunyanyue kibodi na kuirudisha, ndipo tuziwashe.

"Ukishaona kitu ndani," alisema, "hakiwezi kukutisha tena."

Lazarus alicheka akaniambia, "Mama, hiyo ni baiskeli tu. Ikikatika mnyororo niletee."

Lakini mimi nilikuwa nalia kidogo. Maisha yangu yote kompyuta zilikuwa kama nyumba za watu wengine, unapita nje, unaona taa dirishani. Jioni ile nilikuwa nimeshika moyo wa moja kiganjani, na haukuzidi ukubwa wa biskuti.

Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa kuiendeshea kompyuta. Ukiiwasha, maandishi meupe yalikimbia juu ya weusi, kisha yakasimama. Kabla ya kukuonyesha chochote ilikuuliza maneno ya siri, kwa kuwa diski nzima ilikuwa imefungwa. Ulipoandika hukuona kitu. Hata nukta haikutokea. Ulikuwa unaandika gizani ukiamini kwamba kuna anayesoma, na jambo hilo nililielewa haraka kuliko wenzangu.

Mwalimu alitufundisha tusichague neno, tuchague sentensi. Iwe ndefu, iwe ya kweli, na iwe jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu na hutamwambia. Wengine waliandika haraka huku wakichekelea. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nilikaa kimya nikaitafuta sentensi ya namna hiyo ndani yangu, nikaipata moja tu.

Niliandika: jerop alificha barua yangu na sijamsamehe.

*

Jerop alinitangulia kwa miaka mitatu. Nilipomaliza darasa la nane, yeye alikuwa katikati ya sekondari, na baba alikuwa amesema waziwazi kwamba atasomesha msichana mmoja. Wenzangu walipokea barua za kuitwa kidato cha kwanza. Yangu haikuja. Nilikwenda posta kila Ijumaa mpaka karani akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Mwaka uliofuata niliolewa.

Tulipomzika mama, miaka thelathini na mitano baadaye, nilifungua sanduku la bati ambalo Jerop alikuwa nalo shuleni, nikitafuta mablanketi ya wageni. Chini kabisa, chini ya sweta yake ya shule, kulikuwa na bahasha ya kahawia yenye jina langu. Ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu, kwa kisu. Ndani kulikuwa na orodha ya vitu vya kubeba: godoro, ndoo, jozi mbili za soksi nyeupe.

Sikumwambia. Niliirudisha bahasha mahali pake, nikapeleka mablanketi, nikaandaa chai. Na tangu siku hiyo, nilipofika ile sehemu ya kusamehe katika sala tuliyofundishwa sote, niliruka. Kanisani watu walisema kwa sauti moja na mimi nilifumba mdomo, kisha nikajiunga nao mbele kidogo. Hakuna aliyejua. Mungu alijua, na hatukulizungumzia.

Sentensi niliiandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha ya mama ingeniuma zaidi. Niliiandika kila siku kwa miaka miwili. Mwalimu alishatufundisha jinsi ya kubadilisha maneno ya siri, na wenzangu waliyabadilisha mara kadhaa. Mimi nilijiambia nitaibadilisha siku itakapoacha kuwa kweli. Singeweza kuandika uongo kwenye mashine niliyokuwa naiombea.

Na Jerop mwenyewe, katika miaka hiyo, alikuwa akija kila mwezi kutoka Chepsaita, alikostaafu ukarani wa shule. Aliniletea kalamu na daftari. Siku nilipomwambia kwamba nimeanza masomo ya jioni alitoka nje, akakaa kwenye zizi muda mrefu, akarudi macho mekundu. Nilimwangalia, nikammiminia chai.

*

Kazi yangu ya mtihani ilikuwa programu ndogo. Unaandika tarehe ambayo ng'ombe alipandwa, nayo inakuambia atazaa lini na ni lini uache kumkamua. Niliimaliza usiku wa Ijumaa. Jumamosi alfajiri ng'ombe yuleyule niliyemtumia kuijaribu alinibana kwenye nguzo ya zizi, na nikasikia paja langu likivunjika kabla sijasikia maumivu. Nakala nyingine ya kazi sikuwa nimeiweka popote. Mwalimu alikuwa ametuonya, lakini nilikuwa nimepanga kufanya hivyo Jumamosi.

Jerop alifika siku hiyohiyo kunitazamia mifugo. Tulipanga Jumatatu aje saa ya kutembelea wagonjwa, aniletee laptop, nami niifungue mwenyewe na kuituma kazi kutoka kitandani. Nililala kwa amani. Lakini Jumatatu mchana alinipigia akihema: ng'ombe alikuwa anazaa, ndama ametanguliza mguu mmoja, na hangeweza kumwacha. Programu yangu ilikuwa imesema Alhamisi.

Nilimpigia Mwalimu Murunga. Alikuwa matangani kwao, Bungoma, na aliniambia kwa huzuni kwamba muda hauko mikononi mwake. Nikaanza kuomba. Niliomba ndama atoke upesi, niliomba gari, niliomba ofisi ya mtihani ikatikiwe na umeme. Niliomba kila kitu isipokuwa kile nilichojua kinatakiwa. Saa kumi na dakika kumi Jerop alipiga tena kusema ndama yuko hai, jike, na amesimama. Kutoka Moiben hadi Eldoret kwa matope yale hakungechukua chini ya saa moja na nusu.

Nilifikiria kumwita Lazarus aje nyumbani aifungue yeye. Lakini kumpa Lazarus sentensi ile kungekuwa ni kumvua dada yangu nguo mbele ya jirani. Nilifikiria pia kuuacha mwaka upite. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Niliutazama mguu wangu unaoning'inia, nikajua kwamba nikiuacha huu sitarudi.

"Kuna maneno ya kuifungulia," nilimwambia. "Nitayataja. Wewe andika tu, usiulize."

"Sawa. Naandika wapi?"

"Hapohapo inapouliza. Hutaona kitu kwenye kioo."

Nikayataja. Nilisikia jogoo wangu, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Kisha vitufe vikaanza kugonga, polepole, kimoja, kimoja.

Imekataa, alisema.

*

Ilikataa na mara ya pili. Mashine ile hutoa nafasi tatu, kisha inakugeuzia mgongo, unaizima na kuanza upya kabisa. Saa ilikuwa kumi na dakika thelathini na tatu.

"Ulijua lini kuhusu barua?" Jerop aliuliza.

"Tulipomzika mama."

"Miaka yote hii nimekuwa nakula kwako."

"Andika, Jerop. Saa inakwenda."

"Ngoja. Nitasoma nikiandika, wewe usikilize kama ninakosea."

Na hapo dada yangu, karani aliyepiga taipu barua za watoto wa watu kwa miaka thelathini, akaanza kuisoma sentensi yangu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Jerop," alisema. "Hili jina langu, umelianza kwa herufi kubwa?"

"Ndogo. Sikuwa nimejua bado kuandika kubwa."

"Ndogo," alirudia. Nikasikia kitufe. "Alificha." Vitufe vikafuata. "Barua. Yangu." Vitufe tena. "Na." Viwili tu. "Sijamsamehe."

Nilifumba macho. Kwa mara ya kwanza mchana ule sikuomba chochote.

"Imefunguka," akasema. "Kuna picha ya ndama wa zamani."

"Hiyo ndiyo."

Baada ya hapo alifanya kazi kama karani. Nilimwambia faili linaitwaje, akalipata. Nilimwambia modemu ya intaneti imechomekwa ubavuni, akaniambia taa yake inawaka kijani. Saa kumi na dakika hamsini na mbili alinisomea jibu kwamba kazi imepokelewa, pamoja na namba yake. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimeiandika. Nilikuwa nimeiandika kwenye plasta ya mguu wa kushoto, pale nilipochubuka, kwa kalamu ya Nelima, ambaye alikuwa amenyoosha mkono kutoka kitandani kwake na kunipa bila kuombwa.

Kisha hatukuwa na kazi tena ya kutukinga.

"Niliogopa baba atanitoa mimi shuleni," Jerop alisema. "Hakuna kingine. Nilitaka kukupa wiki hiyo, halafu wiki iliyofuata. Halafu ukaolewa."

Nilimrudishia Nelima kalamu yake.

"Sasa niizime?" aliuliza.

Nilifikiria akiizima. Nilifikiria asubuhi, nikitaka kitu humo ndani, yeye akiulizwa tena gizani ile sentensi, na kulazimika kuiandika tena kwa vidole vyake.

"Usiizime," nilisema. "Iache iwake."

*

Nilirudi nyumbani baada ya siku kumi na tisa, kwa magongo. Laptop ilikuwa mezani, kifuniko wazi, imefunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi kwenye vitufe. Ilikuwa inawaka. Nilipoigusa ubavuni ilikuwa na joto kama mnyama aliyelala.

Lazarus ndiye aliyenisimulia. Umeme ulikuwa umepotea mara nne katika siku hizo, mara moja kwa siku mbili mfululizo, na kila mara dada yangu aliibeba ikiwa wazi, kama anayebeba sufuria ya maziwa yaliyojaa, mpaka kwenye kibanda cha Lazarus chenye sola. Alikaa kando yake kwenye kigoda mpaka umeme uliporudi.

"Nilimwambia, Mama, zima tu, itawaka tena," Lazarus alisema. "Aliniangalia kama nimetukana kanisa."

Nilimpigia Mwalimu Murunga kumuuliza kuhusu kubadilisha maneno ya siri. Aliniambia jambo ambalo darasani lilikuwa limenipita. Diski ile inaweza kushika sentensi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Unaweza kuongeza mpya bila kuiondoa ya zamani, na zote mbili zitafungua, mpaka siku utakapoamua kuifuta ile ya kwanza.

Nikamwita Jerop aje akae kando yangu. Niliandika mpya akiwa anatazama vidole vyangu, mara mbili kama inavyotakiwa, kisha nikaizima mashine mbele yake. Alishtuka, akashika mkono wangu. Nilimwachia yeye aiwashe na kuifungua kwa ile mpya.

Cheti kilikuja mwezi wa nane. Ndama sasa ni mtamba. Sentensi ya zamani bado sijaifuta. Huwa naiandika mpya, lakini kuna asubuhi ambazo vidole huanza ile ya kwanza vyenyewe, kwa mazoea, nami hushtuka nikiwa nimefika katikati. Hapo husimama. Nafuta yote, ninaanza upya.